Mchezo Uliishia Wapi?

Juzi nilipigiwa simu na kijana mmoja ambaye zamani alikuwa kwenye kikundi chetu cha kusikiliza, hapa Nyarushishi. Sasa yuko Mahama, kule mashariki. Nilipoona namba yake niliogopa kidogo, maana mtu akipiga usiku kutoka kambi nyingine, mara nyingi ni habari ya ugonjwa au ya kifo. Akanisalimia haraka haraka, akauliza hali ya mama, kisha akasema: "Yaya, ile teatre iliishia wapi? Ule bibi alirudia kwa bwana yake ao hapana?"

Nilicheka. Nikamwambia angoje, nitampigia. Lakini baada ya kukata simu sikucheka tena.

Kambi yetu ni ya mpito. Watu wanavuka Rusizi, wanafika, wanaandikwa, wanangoja, halafu siku moja majina yanasomwa na mabasi yanakuja. Mchezo tunaosikiliza una sehemu 30, na sisi tunakutana mara mbili kwa juma. Hesabu mwenyewe: ni majuma 15. Wengi walioanza na sisi sehemu ya kwanza hawapo tena sehemu ya mwisho. Yule kijana alipanda basi tukiwa tumefika sehemu ya 17.

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Mimi si mwanahistoria. Nimemaliza sekondari tu, na kazi yangu ni kukaa na vijana. Lakini nimesikiliza michezo ya redio tangu utoto, na sasa nasikiliza pia simulizi na vitabu vya sauti kwenye simu. Nimeona kwamba hadithi za kusikiliza zina historia yao katika nchi hizi za Maziwa Makuu, na historia hiyo inatugusa sisi wakimbizi. Inawagusa pia wafanyakazi wa mashirika, kwa sababu wao ndio wanaotuletea michezo mingi.

Redio ya koko

Nilizaliwa Bukavu, Kadutu. Kwetu kulikuwa na redio moja tu, ya koko, mama wa baba yangu. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimepotea, akaifunga na kipande cha mpira wa baiskeli. Mawe yakiisha nguvu, koko aliyaanika juani juu ya bati, na kweli nguvu ilirudi kidogo, ya kutosha habari za jioni.

Koko alikuwa mtu wa BBC. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, naye alisema kwamba marehemu bwana yake aliisikiliza tangu Kongo ikiwa bado ya Wabelgiji. Mwaka 1993 mji wetu ukapata Radio Maendeleo. Mwaka 2002, vita vikiwa havijaisha, ikaja Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa, ikisema Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Mimi nilikulia katikati ya sauti hizo.

Kwetu mchezo wa kuigiza tunauita teatre, hata ukiwa wa redio. Saa ya teatre ilipofika mama alisema, "Munyamaze, munyamaze!" na majirani wasio na redio walikuja kukaa mlangoni. Watu kumi, redio moja. Mmoja akicheka wote wanacheka. Mmoja akifuta macho, wengine wanajifanya hawaoni. Baadaye watu wazima walianza kubishana: bwana ndiye mwenye kosa, hapana, ni mama mkwe. Mambo mengi ya ndoa niliyajulia pale mlangoni, kabla sijajua kusoma.

Na mawe yakizimika kabisa katikati ya mchezo, koko aliendelea mwenyewe. Alishika hadithi pale redio ilipoiachia, akaimaliza alivyotaka yeye. Siku ya pili tukisikia kwa jirani kwamba redio imemaliza kwa njia nyingine, sisi watoto tuliikasirikia redio.

Sauti mbili za mwaka 1994

Kabla ya kusifu michezo lazima niseme jambo zito, kwa sababu tuko Rusizi, ambayo zamani iliitwa Cyangugu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi waliwekwa kwenye uwanja wa Kamarampaka, pale mjini Kamembe, na wengine walitolewa humo wakaenda kuuawa. Waliobaki waliletwa hapa Nyarushishi. Maelfu ya watu waliishi kwenye mlima huu, katikati ya mashamba haya ya chai tunayoyaona kila asubuhi, bila kujua kama watapona. Sisi si wa kwanza kukimbilia hapa.

Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Waliosikia wanasema haikuanza kwa kutisha. Ilipiga muziki mzuri, ilifanya mizaha, watangazaji waliongea kama watu walioketi baa. Vijana waliipenda. Chuki iliingia ndani ya kicheko, kidogo kidogo, mpaka redio ikawa inataja watu wa kuwindwa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura.

Mwaka huohuo wa 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake chenye kukutanisha familia. Kati ya kazi zake za kwanza ilikuwa kusoma majina: mtoto fulani yuko mahali fulani, anatafuta wazazi wake. Kwa hiyo mtu mwenye kiredio kimoja angeweza kusikia sauti inayomtafuta ndugu ili auawe, na baadaye, kwenye kiredio kilekile, sauti inayomtafuta ndugu ili arudi nyumbani.

Ndiyo maana mimi sikubali mtu akiniambia, "Aah, ni teatre tu ya redio."

Michezo iliyotutangulia

Watu wa eneo letu walianza mapema kutumia mchezo wa redio kwa kusudi fulani. Tanzania, mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wakati ule UKIMWI ulikuwa unasafiri na barabara kuu, na mhusika mmoja mkubwa alikuwa dereva wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake njiani na mke wake Tunu nyumbani. Watunzi hawakumfanya shetani. Walimfanya mwanaume mchangamfu ambaye kila msikilizaji anamjua. Watu walicheka naye, wakamfuata, kisha wakamsikia akiugua na kufa. Kuna jambo lingine ninalolipenda: kwa miaka miwili ya kwanza Dodoma haikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha. Wakaona kwamba mahali ulipofika, watu walizungumza zaidi mambo ya uzazi wa mpango na kujikinga, na wengi walisema mchezo umewabadilisha. Kumbe mtu wa kuigizwa anaweza kumpeleka mtu wa kweli zahanati.

Burundi, vita vikiwa vinawaka, Studio Ijambo ilifunguliwa mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground. Mwaka 1997 ikaanza mchezo wa Umubanyi Niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Ni Wahutu na Watutsi wanaoishi ua kwa ua. Fikiri ujasiri wa kuandika hivyo, wakati watu wa mji mmoja walikuwa wakihama mtaa kwa ajili ya kabila.

Rwanda, mwaka 1999, ikaja Urunana, maana yake mkono kwa mkono, ikisikika kupitia BBC. Ilijifunza kwa mchezo wa Waingereza uitwao The Archers, ambao ulienea nchi nzima mwaka 1951, chakula kikiwa bado haba baada ya vita, ili wakulima wapate mashauri ya kilimo ndani ya hadithi. Urunana ilichukua njia hiyo kwa mambo ya afya na uzazi. Hapa Rusizi ukiwataja watu wa mchezo huo sokoni, utajibiwa kana kwamba wanaishi mtaa wa pili.

Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza Musekeweya, yaani mapambazuko mapya. Kuna vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, kila kimoja kwenye kilima chake, na katikati bonde lenye rutuba. Hakuna mahali panapotajwa Mhutu wala Mtutsi. Kuna ardhi, njaa, wivu, kiongozi anayechochea, na kuna msichana Batamuliza anayempenda Shema wa kijiji kingine. Msikilizaji anaelewa mwenyewe. Na sisi wa Kongo tulipata wetu kwa Kiswahili, Kumbuka Kesho, kutoka shirika hilohilo, uliorushwa Kivu zote mbili.

Maoni ya msikilizaji

Sasa niseme ninavyoona mimi, aina moja moja. Mtu akipinga aandike kwenye toleo lijalo.

Michezo ya mafunzo. Mizuri ni ile ambayo mwovu ana akili. Mwovu akiwa mjinga, vijana wangu wanamcheka na hawajifunzi kitu, kwa sababu waovu waliotufukuza kwetu hawakuwa wajinga. Walikuwa na maneno matamu na sababu zenye kueleweka. Mibaya ni ile ambayo daktari au mwalimu anaingia na kusoma ujumbe kama tangazo la chanjo. Hapo utaona macho yanahama, simu zinatolewa. Ujumbe ukisemwa na mtu aliyeumia, kwa maneno machache, unakaa. Ukisemwa na mtu mwenye cheo, unapita.

Vichekesho. Hivi ndivyo vinavyojaza hangari yetu. Nami navipenda, ila nasikiliza kwa uangalifu: tunamcheka nani? Kuna vichekesho ambavyo kila mara mjinga ana lafudhi ya kabila moja. Baada ya niliyoandika juu ya mwaka 1993, sitaki kuvipiga kwenye spika yangu. Kichekesho kizuri ni kile ambacho mtu anajicheka mwenyewe.

Simulizi za simu. Hizi zinatoka sana Tanzania: mapenzi, uchawi, ujambazi, ujasusi. Msimulizi mmoja anafanya sauti zote, kuna muziki wa kutisha nyuma, na kila sehemu inakatika pale roho inapopanda. Wazee wanasema ni upuuzi. Mimi sisemi hivyo. Ujasusi wa Kiswahili una ukoo wake: Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na mpelelezi wake Willy Gamba alifanya vijana wa wakati ule wasome mpaka mafuta ya taa yakaisha. Simulizi za leo ni wajukuu wa vitabu vile. Kinachonikera ni muziki kuwa mkubwa kuliko sauti ya mtu. Tena zinasikilizwa kwa visikizio, kila mtu na sikio lake, chini ya blanketi. Ni kitulizo, sikatai. Usiku wa kambi ni mrefu na kuna mambo mtu hataki kuyafikiri. Lakini hakuna anayekuuliza kesho yake, "Wewe ulionaje?"

Vitabu vya sauti. Watu wengi wanafikiri ni vitu vya matajiri wanaosikiliza ndani ya gari. Historia yake ni nyingine. Uingereza ilianza kuwatolea watu vitabu kwenye sahani za santuri mwaka 1935, na waliofikiriwa hasa ni wanajeshi waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kitabu cha sauti nacho ni mtoto wa vita. Hapa kambini nina papa mmoja, mwalimu wa zamani, kisukari kimemla macho. Nilimtafutia kitabu kilichosomwa kwa Kiswahili. Akasikiliza siku mbili, akaniita kulalamika: "Huyu kijana anasoma kama anakimbizwa. Mwambie apumue kwenye nukta." Ana haki. Vitabu vya sauti vya Kiswahili ni vichache, na wasomaji wengi wanavisoma kama habari za saa mbili. Kitabu kinataka mtu asiye na haraka. Siku hizi tunamtuma msichana mmoja wa sekondari amsomee papa, naye anamsahihisha, na wote wawili wanafaidi.

Masomo ya dini. Viredio vidogo vya sola vyenye maandiko vipo katika nyumba nyingi, na ninaviheshimu. Nimeona mama ambaye hajui kusoma akisimulia kisa kizima bila kukosea hata jina, kwa sababu amekisikia mara hamsini akichambua maharage. Huo ni ushahidi kwamba sikio la watu wetu halijafa.

Kosa langu

Mpaka hapa unaweza kudhani mimi ni mtaalamu. Ngoja niseme nilivyoharibu.

Jioni moja tulisikiliza sehemu ambamo mwenye duka anakataa kumkopesha unga jirani wa ukoo mwingine, ingawa mtoto wa yule jirani ni mgonjwa. Vijana walikuwa kama 25. Sehemu ilipoisha palikuwa kimya, nami nikafurahia kile kimya, nikaona leo ndiyo leo. Nikasimama nikasema: "Sasa kila mtu aseme ukweli. Kwenu ilikuwaje?"

Wa kwanza alisimulia ng'ombe wa baba yake walivyochukuliwa, na akataja kabila la waliochukua. Wa pili akajibu kutoka nyuma: "Na ninyi je?" Baada ya dakika kumi hakuna aliyekuwa anamkumbuka mwenye duka. Yalisemwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Msichana mmoja wa miaka 16, ambaye mama yake ni wa upande huu na baba yake wa upande ule, alikuwa ameketi katikati yao. Aliinuka akatoka bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimeshika spika mkononi kama mtu aliyeshika jiwe.

Hakurudi tena kwenye kikundi. Nilijiambia nitamtafuta Jumatatu, kisha Alhamisi. Juma lililofuata jina lake lilisomwa, akapanda basi. Sikuwahi kumwomba msamaha. Kama anasoma gazeti hili huko aliko: dada, kosa lilikuwa langu, si lako, wala si la mchezo.

Baadaye nilimsimulia jambo hili mfanyakazi mmoja wa shirika. Hakunilaumu. Akaniambia kwamba limeshawahi kuonekana, na kwamba kuna mtu aliyelipima. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwanza Musekeweya hapa Rwanda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Kwa mwaka mzima jamii kadhaa zilisikiliza mchezo ule pamoja, na nyingine zikasikiliza mchezo wa afya. Imani za moyoni za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona mambo yanayokubalika kufanywa: ndoa za mchanganyiko, kuaminiana, kusema wazi usipokubali. Mwishoni kila kundi lilipewa redio ya kaseti na kaseti za mchezo, likaachwa liamue zitatunzwa vipi. Kwingine watu walimkabidhi kiongozi haraka, mambo yakaisha. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana zaidi, na mara nyingi wakaamua kuvitunza kwa pamoja.

Kisha akaja kwetu Kivu, na matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Sehemu zote zilipata mchezo wa Kiswahili, lakini baadhi ziliongezewa kipindi cha baada ya mchezo, cha kuwahimiza wasikilizaji wazungumze wao kwa wao. Nani asingefikiri kwamba hao ndio watafaidi zaidi? Ikawa kinyume. Walizungumza zaidi, kweli, lakini walikuwa wagumu zaidi kwa watu wasiowapenda, na malalamiko ya zamani yalikuwa karibu zaidi mdomoni mwao. Walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangewagawia watu wa kundi wasilolipenda, walikuwa wazito zaidi kutoa.

Niliposikia habari ya chumvi nilinyamaza muda mrefu. Nilimkumbuka yule mwenye duka na unga wake. Nilikuwa nimechukua mchezo kuhusu mtu anayenyima, nikautumia kuwafundisha vijana 25 kunyimana.

Tunavyofanya sasa

Sikuacha kikundi. Nilibadilisha maswali. Baada ya mchezo tunaongea kwanza juu ya watu wa mchezo tu: kwa nini mwenye duka alikataa? Alikuwa anamwogopa nani? Nani dukani angeweza kusema neno, na kwa nini hakusema? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu wengi wetu hatukuwa mwenye duka wala jirani. Tulikuwa wale wengine, waliosimama na vikapu wakiangalia chini.

Kisha kila mtu anaweza kusema jambo moja analoweza kufanya kesho, dogo, hapa kambini, kwenye bomba la maji au kwenye mstari wa chakula. Kunyamaza kunaruhusiwa. Na mwenye kidonda chake hasukumwi akitoe mbele ya watu 25 ambao hawajui kukifunga. Anaambiwa nani wa kumwona, na mimi namsindikiza.

Tumepunguza makelele, na mahudhurio nayo yamepungua kidogo. Siku moja nilipeleka ripoti kwa watu waliotusaidia na mawe ya spika, swali la kwanza likawa, "Mbona wamepungua?" Nilieleza, lakini karatasi ile haikuwa na nafasi ya kueleza. Ilikuwa na kisanduku cha idadi tu.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu wa mashirika. Mkituletea mchezo, mtuletee pia mafunzo ya dakika 30 za baada ya mchezo, maana ndizo zenye hatari. Msihesabu vichwa tu, mtuulize pia kama kuna aliyetoka analia. Mtuletee mchezo wenye sehemu chache, au mtusaidie sauti iende na watu, kwa sababu huku watu hawakai mpaka mwisho. Na siku moja mtupe kifaa cha kurekodi. Sauti za mbuzi tunazo, mvua juu ya turubai tunayo, na maneno ya kutosha tunayo.

Na wenzangu wa kambini: anayesikiliza simulizi chini ya blanketi aendelee, simkatazi. Ila mara moja kwa juma atoe visikizio, aweke simu ndani ya bakuli ili sauti ikue, aite watu wa hema la jirani. Ndivyo koko alivyofanya na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Yule kijana wa Mahama nilimpigia. Nikamwambia ukweli: yule mwanamke harudi kwa bwana yake. Anakwenda kwa dada yake na watoto, bwana anakuja kuomba msamaha sehemu ya 28, na anaambiwa hapana.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Yaya," akasema, "sasa batu nitabaambia nini?"

"Watu gani?"

Kumbe huko Mahama alikuwa amekusanya vijana wenzake, akawasimulia kwa kichwa sehemu zote 17. Walipomwuliza kinachofuata, aliona aibu kusema hajui. Akaendelea mwenyewe. Kwake yule mwanamke alikuwa amesharudi, na mtoto wa nne alikuwa njiani.

Nimempa mtu anayehamishiwa huko kadi ya memori yenye sehemu ya 18 mpaka ya 30. Nimeandika na ile orodha ya maswali kwenye karatasi nyuma yake. Nimemwomba asisikilize peke yake kwanza. Wasikilize wote pamoja, wakishafika mwisho wanieleze upi ulikuwa bora, wa redio ao wa kwake.